Moshi Uko Jikoni, Wao Wanautafuta Uyombo

Juzi niliirudisha ile video yangu ya Uyombo, ile ya wavuvi wamekaa kivulini wanaongea huku nyavu ziko mapajani. Komenti ya kwanza kabisa ikaingia: "Nyinyi watu wa Pwani ndio mnarudisha nchi nyuma. Dunia inaungua, mnaletewa umeme safi, mnakataa." Ya pili ikafuata: "Huyu si chuo aliacha? Atajua nini kuhusu nyuklia?"

Sawa. Ya pili ni kweli, chuo niliacha. Kusoma sikuacha. Kwa hivyo leo najibu ya kwanza, tena naijibu kwa hesabu za serikali yenyewe, bila matusi. Vuta kiti, hii ni ndefu kidogo.

Nianze na kitu ambacho sibishani nacho. Hali ya hewa imebadilika, na huku kwetu hakuna mtu anahitaji semina hotelini ndio aamini. Uliza mtu yeyote wa Ganze ama Magarini. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu 5 ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya maana. Mifugo ikaanguka, watu wazima na heshima zao wakapanga foleni ya unga wa msaada. Halafu mwisho wa 2023 ikaja El Niño, maji yakashuka yote kwa pamoja kana kwamba mtu alikuwa ameyaficha. Kwa hivyo mtu asije hapa kuniambia ati napinga vita vya tabianchi. Mimi nataka vipiganwe. Nataka tu vipiganwe mahali adui alipo.

Na hapo ndipo penye swali langu, moja tu: hewa chafu ya Kenya inatoka wapi?

Kwanza, Kenya nzima inatoa chini ya asilimia 0.1 ya gesi chafu zote za dunia. Ndiyo, ndogo hivyo. Lakini Desemba 2020 tulipeleka ahadi yetu Umoja wa Mataifa: ifikapo 2030 tutakuwa tumepunguza kwa asilimia 32, ukilinganisha na pale ambapo tungefika kama tusingefanya chochote. Ahadi ni ahadi. Sasa fungua hesabu zenyewe. Anayeongoza kwa hewa chafu Kenya ni kilimo, pamoja na mifugo. Wa pili ni ardhi na misitu, yaani miti inayokatwa na vichaka vinavyofyekwa. Hao wawili ndio wamebeba sehemu kubwa ya mzigo. Halafu huko nyuma yao ndio utakuta magari, viwanda, takataka.

Stima je? Hapa ndio watu hushangaa. Karibu asilimia 90 ya stima yetu tayari ni safi. Kuna mvuke wa Olkaria, kuna mabwawa ya mto Tana, kuna upepo wa Turkana, kuna jua. Tena jua lenyewe hata halijaenda mbali: pale Langobaya, Malindi hii hii, kuna shamba la sola la megawati 52 ambalo limekuwa likiingiza umeme kwenye gridi tangu Desemba 2021. Ukipita na boda unaliona, paneli zimelala kama bahari ya vioo.

Kwa hivyo fikiria na mimi. Una nyumba ya vyumba 5. Chumba kimoja kishafagiliwa, kinang'aa. Vinne vimejaa vumbi. Unanunua ufagio wa bei ghali kuliko fagio zote duniani, halafu unaenda nao wapi? Kwenye kile chumba kinachong'aa.

Huo ndio mradi wa Uyombo. Wakala wa nyuklia wa serikali ulitaka kujenga kituo cha megawati 1,000 pale. Kwa wasiopajua, Uyombo ni kijiji cha wavuvi, jirani na Mida Creek yenye mikoko yake, jirani na hifadhi ya bahari ya Watamu, na msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali. Watu wakauliza maswali ya kawaida kabisa. Taka zitawekwa wapi? Bahari tutavua wapi? Nani alikubali kwa niaba yetu, na lini? Mei 2024 wakaandamana, wakakutana na polisi, watu wakajeruhiwa. Mwaka uliofuata mazungumzo yakahamia Siaya, kule Ziwa Victoria.

Najua utakachosema: lakini stima haitoshi! Ni kweli. Mwaka 2025 matumizi yetu ya saa za jioni yalipita megawati 2,300, na tunanunua nyingine Ethiopia. Hapa Malindi stima ikipotea saa moja jioni mimi ndio wa kwanza kulia, kwa sababu video inakatika nikiwa nusu ya kuhariri. Nchi itahitaji umeme zaidi, hilo halina ubishi. Ila basi uje kama mradi wa umeme wa viwanda, tuupime hivyo, kwa gharama zake na hatari zake. Usivalishwe kanzu ya tabianchi halafu anayeuliza swali aitwe adui wa dunia.

Hii kanzu tushaiona mara nyingi. Juni 2024, kwenye ule Mswada wa Fedha uliotutoa sote nyumbani, kulikuwa na ushuru wa mazingira ndani yake. Ungegusa simu, betri, mpaka nepi za watoto. Ati mazingira. Rais akakataa kuutia sahihi tarehe 26 Juni, na sote tunajua ni damu ya nani ilimwagika siku moja kabla. Tangu siku hiyo mimi nikisikia neno "kijani" kwenye hotuba, nauliza: kijani cha nani, kwa pesa ya nani?

Sasa nikupeleke kule moshi uliko. Twende jikoni.

Mama yangu anapika viazi karai na mahamri, anauza asubuhi. Nimekua na harufu hiyo. Mwaka mmoja tulimnunulia mtungi wa gesi, akafurahi, macho yakaacha kuwasha, akawa anaamka saa kumi na nusu badala ya saa kumi kwa sababu hakuna kupuliza makaa. Baada ya muda nikirudi nyumbani nakuta mtungi uko kona, umefunikwa kanga, na jiko la makaa limerudi kazini. Nikamuuliza, mama vipi? Akaniambia, "Mwanangu, makaa nanunua kwa kopo. Gesi nitanunua kwa kopo wapi?"

Hiyo sentensi ina akili kuliko warsha nyingi. Makaa unaanza na shilingi 50 uliyo nayo leo. Gesi inataka pesa ya mkupuo, na mtu wa kipato cha siku kwa siku hana mkupuo.

Lakini kuna la pili, na hili ni la serikali moja kwa moja. Mwaka 2016 serikali iliondoa VAT kwa gesi ya kupikia. Watu wakaanza kuhamia gesi. Julai 2021 VAT ikarudi, asilimia 16. Julai 2022 ikashushwa hadi 8. Mwaka 2023 ikaondolewa tena. Sheria 4 juu ya mtungi mmoja ndani ya miaka 7. Hapo katikati, mwaka 2022, ushuru na bei ya dunia vikashikana mikono, mtungi wa kilo 13 ukapita shilingi 3,000. Mtungi wa mama ulifunikwa kanga kipindi hicho hicho. Na mama akisharudi kwenye makaa, bei ikishuka harudi mbio. Anakumbuka. Anajua mtungi unaweza kumruka tena.

Sensa ya 2019 ilionyesha zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinapika kwa kuni. Wanaotumia gesi walikuwa kama robo moja. Na serikali hiyo hiyo ina mkakati unaosema kila nyumba iwe inapika kwa njia safi ifikapo 2028. Elfu mbili ishirini na nane! Mtoto aliye darasa la tano leo hatakuwa hata amemaliza sekondari. Wewe umesikia mtu yeyote akiuzungumza huo mkakati mtaani kwenu? Mimi nilikutana nao kwa bahati, natafuta kitu kingine.

Kuna mjuaji ataandika: gesi nayo si inachimbwa ardhini kama petroli? Ndiyo, inachimbwa. Siiiti malaika. Lakini ukiweka mtungi upande mmoja, na upande mwingine gunia la makaa lililotoka kwenye mti mbichi ukachomwa kwenye tanuri la udongo ambalo sehemu kubwa ya ule mti inaishia kuwa moshi na jivu, mtungi unachafua kidogo. Na kifua cha mama yako kinajua tofauti bila kusoma ripoti yoyote.

Turudi Langobaya. Nilienda kule kupiga picha za zile paneli. Nilichorudi nacho ni picha ya magunia. Barabara ile inayotoka Malindi kupita Jilore kwenda Langobaya, magunia ya makaa yamesimama kando kama watu wanaosubiri matatu. Upande huu, umeme wa jua unaosafirishwa. Upande huu, mti unaosafirishwa. Nikamsalimia mzee mmoja aliyekaa karibu na magunia yake. Shikamoo, marahaba, tukakaa. Nikamuuliza kwa nini anakata miti na anajua mvua imekuwa shida. Hakukasirika. Akaniambia, "Kijana, mti ukisimama haulipi karo."

Nilikuwa na jibu? Sikuwa nalo. Mahindi yake yalikauka msimu baada ya msimu. Mbuzi waliuzwa. Kitu kilichobaki shambani chenye bei ni mti. Ukimkamata huyu mzee umekamata ukame, hujakamata mwizi.

Na cha ajabu ni kwamba sheria ipo. Kuna kanuni za makaa za 2009 zinazosema wachomaji wawe kwenye vyama, wapate leseni, wapande miti ya kukata na kurudishia, na anayesafirisha awe na kibali. Ni kanuni nzuri ukizisoma. Zingefuatwa, yule mzee angekuwa na chama, tanuri bora linalotoa makaa mengi kwa kuni chache, na shamba la miti inayokua haraka. Badala yake makaa yanatembea usiku, na kila kizuizi barabarani kinakula chake. Hela ambayo ingelipia miche inaishia mfukoni mwa mtu mwenye tochi.

Upande wa miti, serikali ina lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Novemba 13, 2023 tukapewa hadi likizo ya kupanda. Nilienda, nikapanda, nikaposti, laiki zikaja. Sijawahi kurudi kuona kama ule mche uko hai. Wewe umerudi kuona wako? Na kumbuka Julai mwaka huo huo Rais alikuwa ametangaza kuondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwapo tangu 2018. Mkono mmoja una jembe, mwingine una msumeno, halafu wote wanapigiwa makofi. Mti uliosimama tayari Arabuko-Sokoke, ama mkoko uliosimama Mida, umeshika kaboni leo. Mche wa selfi utashika ukiishi.

Barabarani nako kuna moshi. Septemba 2023 Rais alizindua pikipiki za umeme Mombasa. Wazo zuri sana, nalipenda kwa dhati. Kuna hata bei maalum ya stima ya kuchajia vyombo vya umeme, nafuu zaidi usiku. Nikampelekea rafiki yangu wa boda hizo habari kama mtu aliyeleta zawadi. Akaniangalia. "Kaka, nikipata abiria wa Marafa, betri ikiisha njiani nitabadilisha wapi? Kwa mbuzi?" Tukacheka, lakini amesema kweli. Sera imefika Mombasa ikashuka hapo. Wakiweka vituo vya kubadilisha betri Mtwapa, Kilifi mjini, Mariakani, Malindi, Marafa, vijana wa boda watahama wenyewe bila kuhubiriwa, maana petroli inawaumiza kila siku, hasa tangu 2023 VAT yake ilipotoka asilimia 8 hadi 16.

Sasa usinielewe vibaya, ukadhani kila kitu ni kulalamika. Nenda Gazi, Kwale. Kuna mradi unaitwa Mikoko Pamoja, umeanza 2013. Wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko, kaboni iliyoshikwa inapimwa, inauzwa, na pesa inarudi kijijini: maji ya mfereji, vitabu na madarasa ya shule. Wanakaa barazani, wanaamua wenyewe mwaka huu pesa iende wapi. Hakuna aliyepigwa bomu la machozi pale ili akubali. Mikoko ni ile ile iliyoko Mida na Ngomeni. Bahari ni ile ile. Tofauti ni kwamba watu waliulizwa mwanzo, na wanaona faida kwa macho yao.

Na hili la kaboni lisikupite, kwa sababu linakuja kwetu kama halijafika tayari. Mwaka 2023 Bunge lilirekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016. Sasa mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma ama ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na miradi ya ardhi lazima ipeleke kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Kwa ile isiyo ya ardhi ni angalau 25. Siku mtu atakuja na gari kubwa na fulana za bure, akiwaambia wazee watie kidole gumba kwa sababu "ni mambo ya mazingira", wewe mwenye simu na bando ndiye utasimama useme: mkataba uko wapi, na arobaini yetu imeandikwa ukurasa gani?

Kwa hivyo kwako wewe wa komenti ya kwanza, jibu langu ni hili. Watu wa Uyombo hawakukataa hewa safi. Wao ndio wamekuwa wakiipumua. Walikataa kuamuliwa, na walichoulizwa wakikubali hakikuwa hata kwenye chumba chenye vumbi. Kama gava iko serious na ile asilimia 32, njia ya Kilifi iko wazi: VAT ya gesi iache kucheza, gesi iuzwe kidogo kidogo kwa simu kama Nairobi ilivyoanza, wachoma makaa wawekwe kwenye vyama na wapewe miche na matanuri, vituo vya betri vifike Marafa, na mikoko ilindwe kwa mkataba unaosomeka kwa Kiswahili. Hakuna hata kimoja hapo kinachogharimu kama kituo cha nyuklia.

Na kwetu sisi vijana. Tulijua kusoma Mswada wa Fedha mstari kwa mstari, tukautafsiri, tukaueleza kwa wazazi. Tunaweza kufanya hivyo tena. Kaunti ikiitisha kikao cha maoni ya wananchi, enda. Uliza mambo matatu tu. Hii sera inapunguza moshi upi hasa? Nani wa hapa aliulizwa kabla haijaandikwa? Na pesa ikiingia, inapita mikono mingapi kabla haijafika kijijini? Wakikujibu vizuri, waunge mkono, hata kama hukuwapigia kura. Wakianza kuzunguka, washa kamera.

Mimi wiki hii nimeanza na kidogo nilichonacho. Nimelipia mtungi wa mama, nikautoa ile kanga. Amenitazama akasema, "Haya, tuone safari hii watauacha kwa muda gani."

Hata mimi, mama, nasubiri kuona.